Unga, Baiskeli au Dispensari

Odette, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilimjibu kwamba sijasahau kitu, ila nitaandika, kwa sababu mengine hayamo kwenye faili. Vyeo nilivyopewa havitawafaa ninyi vijana wa biro, yaani wa ofisi yetu, na mshahara wangu mlikuwa mnauona kila mwezi. Nitasema juu ya avantaji: unga, dawa, usafiri, vifaa vya shule, vyote vile ambavyo mfanyakazi anapata mbali na mshahara. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yangu yote hapa Likasi, katika biro ya wafanyakazi ya kiwanda cha Panda. Naamini niliifanya vizuri. Mara moja niliifanya vibaya, na hiyo pia nitaisema.

Baba yangu alitoka Kasai akiwa kijana, akaletwa kuchimba shaba. Mimi nilizaliwa kampo ya Panda, kambi ya wafanyakazi, kwa hiyo nilijua foleni ya posho kabla ya kujua kusoma. Hata hivyo, siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na viatu vya visigino virefu, nikidhani biro ni mahali pa kukaa. Mkuu wa biro alikuwa Papa Kaumba, mtu wa hapa hapa Katanga, mwembamba, mwenye tai iliyoishia katikati ya kifua. Alitazama viatu vyangu kwa muda.

"Mama Ngalula," akasema, "hapa tunasimamaka."

Nikasimama dirishani pa posho hadi saa sita mchana, nikiita majina na kutia mhuri. Kila mfanyakazi alipata kile kile: mfuko wa unga, chupa ya mafuta, maharagwe na samaki wa chumvi. Mwenye watoto wengi aliongezewa unga, na tofauti iliishia hapo. Viatu vyangu vilikuwa vyeusi asubuhi; mchana vilikuwa vyeupe.

Tulipofunga dirisha, Papa Kaumba alinipeleka nje ya lango. Wanaume wale wale niliowaita majina walikuwa wamechuchumaa kando ya ukuta wakibadilishana vitu. Kijana asiye na mke alikuwa akitoa maharagwe apate sabuni. Mzee mmoja alitoa samaki wake wote apate madaftari.

"Unaona nini?" Papa Kaumba akaniuliza.

"Naona soko, Papa."

"Haiko soko. Ni batu banatengeneza kile shiye ba biro tunaharibu. Kila mwezi ukuje hapa uangalie. Kama banabadilisha sana, ni kusema biro haijue maisha yabo."

Nilifuata agizo hilo. Baada ya mwaka mmoja niliweza kutaja, bila kufungua faili, nani ana mgeni nyumbani, nani ameoa, nani ana mtoto anayeanza shule. Zana zetu zilikuwa chache: mhuri, mashine ya kuchapa yenye herufi moja iliyokatika, na droo za mbao zilizojaa kadi za familia. Jina la mke tuliliandika kwa wino na majina ya watoto kwa kalamu ya risasi. Papa Kaumba alisema watoto huongezeka, bali wake hawapaswi kuongezeka. Nilipokuja kuzisimamia kadi hizo mwenyewe, niliona kwamba wino nao unahitaji kufutwa mara kwa mara.

Jambo jingine alilonifundisha ni la chumvi. Mtu akija kuandikisha mtoto wa ndugu yake, Papa Kaumba hakupoteza muda na maswali mengi. Alikwenda nyumbani kwake, akasalimia, akamwambia mtoto: "Tuletee chumvi kidogo." Mtoto anayelala katika nyumba hiyo huenda moja kwa moja mahali chumvi ilipo. Mtoto aliyeazimwa kwa jirani husimama katikati ya chumba na kumtazama mama mwenye nyumba.

Papa Kaumba alistaafu, kampuni ya zamani ikadhoofika, ikaja miaka ambayo posho yenyewe ilikwisha. Mliokulia hapa mnaijua, sitaisimulia. Kisha wakaja wenye kiwanda wapya, wakajenga mitambo ya kobalti, wakaita watu kazini. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa nimezihifadhi zile kadi nyumbani, ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Hakuna aliyeniambia nizihifadhi. Sikuona tu sababu ya kuzitupa.

Mkurugenzi mpya alikuwa mtu wa mbali. Alisema Kifaransa cha polepole na kilicho safi, nami nitaandika maneno yake kwa Kiswahili. Wiki yake ya pili aliniita.

"Mama Ngalula, kwingine nilikofanya kazi hatugawi kitu kimoja kwa wote. Kila mfanyakazi anachagua avantaji zake. Unaweza kulifanya hilo hapa?"

"Watu wa hapa wamekuwa wakichagua tangu zamani, Bwana Mkurugenzi. Ila walikuwa wanachagulia nje ya lango."

Alinipeleka Lubumbashi wiki moja nikajifunze kompyuta pamoja na vijana ambao wangeweza kuwa wanangu. Walifunga madirisha na kufungua mengine kabla mimi sijakipata kile kimshale kwenye kioo. Lakini nilikuwa na jambo wao hawakuwa nalo: nilijua nataka kompyuta inifanyie nini. Siku ya nne wakaanza kuniuliza maswali.

Mpango tulioutengeneza ulikuwa hivi. Matibabu ya mfanyakazi, mke na watoto wake hayakuguswa. Hayo ni haki ya wote. Juu ya hapo kila mtu alipewa alama kumi za kugawa apendavyo: unga, nafasi katika basi la kiwanda au baiskeli, mabati ya nyumba, vifaa vya shule, au kuongeza mtu mwingine katika dispensari, kama mama mzazi au mtoto wa ndugu aliyefariki. Karatasi ilijazwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa kwanza. Sheria ya kuifunga mwisho wa mwezi wa kwanza niliiandika mimi mwenyewe. Niliiona nzuri kwa sababu ilifanya faili ziwe safi.

Mwaka wa kwanza karibu nusu ya karatasi zilirudi bila alama hata moja. Nilikwenda langoni wakati wa kubadilishana zamu, nikamshika mkono fundi mmoja wa umeme, mzee tuliyesali naye kanisa moja.

"Papa, mbona haukuandika kitu?"

Alitazama pande zote mbili. "Mama, leo ni karatasi ya batu kuchagua. Kesho itakuwa karatasi ya kuchagua batu."

Kumbe walidhani tunatafuta wa kufukuzwa. Anayeomba dawa kwa ajili ya wazazi ataonekana mwenye mizigo. Anayeomba basi ataonekana anakaa mbali. Kwa hiyo walificha maisha yao, wakaacha kompyuta iwape unga, kama ilivyompa kila mwenye karatasi tupu.

Sikuandika tangazo. Nilijaza karatasi yangu mwenyewe kwa herufi kubwa, nikaibandika ukutani karibu na lango: alama sita kumwingiza mama yangu katika dispensari, nne kwa mabati, kwa sababu jiko langu lilikuwa linavuja. Kisha nikaweka meza pale chini ya karatasi, nikakaa. Kwa siku tatu walinitania juu ya jiko langu. Siku ya nne wakaanza kukaa kwenye kiti cha pili na kusema ya kwao. Mwaka huo hatukubaki na karatasi tupu hata kumi.

Sasa nije kwa Tshibangu.

Tshibangu alikuwa mwendeshaji wa mapipa ya asidi, mahali ambapo madini yanayeyushwa. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye watoto wawili, aliyekaa upande wa Kamatanda. Mwezi wa kwanza alichagua baiskeli na mabati, akaondoka ameridhika. Mwezi wa nne dada yake alifariki, akaacha watoto watatu, nao wakahamia kwake. Wa katikati, Mado, msichana wa miaka tisa, alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ule ambao kwetu unaitwa SS. Maumivu yakimjia, mtoto hawezi hata kuguswa.

Tshibangu alikuja biro akiwa ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili.

"Mama, niko na batoto tano sasa. Kwa dispensari banasema jina ya Mado haiko kwa liste."

Nilimpa pole ya msiba. Nikafungua kompyuta, nikaona karatasi yake, nikasema yale niliyokuwa nimeyaandika: "Karatasi imefungwa hadi mwezi wa kwanza, Papa. Wakati ule utamuongeza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Yeye akasema, "Sawa, Mama," akavaa kofia, akatoka. Kama angepiga meza, huenda ningefikiri zaidi. Nikarudi kwenye kazi yangu, na naona aibu kusema kwamba siku ile nilikula vizuri mchana.

Baada ya wiki chache ililetwa mezani pangu barua ya onyo ili niichape. Mfanyakazi Tshibangu, amechelewa zamu mara tano. Nilishangaa, kwa sababu mtu yule alikuwa na baiskeli mpya. Nikamwuliza msimamizi wake. Akasema, "Kinga, ile baiskeli yake, aliuzisha, Mama, alipe dawa. Anatembeaka na miguu tangu kule Kamatanda. Ile mutoto anakuwaka kwa hopitali kila mara."

Nilikaa na barua ile mbele yangu. Sisi ndio tuliompa baiskeli. Sheria yangu ndiyo iliyomfanya aiuze. Na sasa mimi ndiye niliyetakiwa kumwonya kwamba anachelewa. Nilikunja barua, nikaitia katika mkoba wangu. Haikupata kuchapwa.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda Kamatanda. Mke wa Tshibangu alinipa kiti. Mado alikuwa ameketi mkekani, macho yakiwa na rangi ya manjano, miguu imefunikwa kwa kitenge ingawa jua lilikuwa kali. Mtu hahitaji kupima mtoto kama yule. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na nilijua nitaulizwa.

"Mado," nikasema, "unaweza kutuletea chumvi?"

Alijaribu kusimama, akashindwa. Akanyoosha kidole. "Iko ndani ya kopo ya maziwa, nyuma ya gunia ya makala. Mama mukubwa anaifichaka mayi ya mvua isiiguse."

Mke wa Tshibangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nami nikatoka nje kidogo, nikijifanya naangalia mabati.

Jumatatu niliingia kwa mkurugenzi nikiwa na ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mambo manne yafungue karatasi siku yoyote ya mwaka: kuzaliwa, kufa, ndoa, na mtoto kupokelewa nyumbani.

"Tukimfungulia mmoja, tutawafungulia wote," akasema.

"Ndivyo ninavyoomba. Wafunguliwe wote."

"Na wale watakaoleta watoto wa jirani?"

"Nitakwenda kila nyumba mwenyewe. Ninayo njia ya kuwajua."

Hakuuliza ni njia gani. Alisema atafikiri hadi mwisho wa mwezi. Nilitoka nikiwa sijashinda wala sijashindwa.

Lakini Alhamisi saa nne asubuhi, muuguzi wa dispensari alinipigia simu. Tshibangu alikuwa mlangoni pake na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anahitaji damu, gari la wagonjwa lilikuwa pale pale uwanjani, lakini jina halikuwa kwenye orodha, na bila hati ya biro gari halikuweza kuwashwa.

"Nifanye nini, Mama?" muuguzi akauliza. "Ile muntu hataki kukaa. Anasimama tu."

Nilichukua kitabu cha hati, nikaandika kwa mkono: Mado, mtoto wa nyumba ya Tshibangu, apokelewe. Nikatia sahihi na mhuri. Kisha nikatembea hadi dispensari, kwa sababu sikutaka kumtuma mtu mwingine kubeba kosa langu. Nilimpa muuguzi hati mkononi. Tshibangu akapanda nyuma na mtoto. Gari likaondoka.

Kutoka pale sikurudi biro. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, maana habari mbaya ni afadhali aipate kwangu.

"Nimetia sahihi hati ya mtoto ambaye hayumo katika orodha," nikamwambia. "Sikuwa na ruhusa. Nilifanya nikijua."

Alivua miwani. "Na kama nikikataa ombi lako mwisho wa mwezi?"

"Basi hati ile itakuwa kosa langu peke yangu, na utaniandikia barua. Lakini sitaichapa mimi."

Nadhani sentensi ya mwisho ilinitoka kwa hofu, si kwa ujasiri. Hakucheka. Aliniambia nirudi kazini, na kwa siku mbili hakuna aliyenisemesha kutoka ofisi ile. Nilipanga droo zangu. Nilifuta vumbi hata mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Nilimwambia mama yangu kwamba huenda tukarudi kulima mboga, akasema mboga nazo zinahitaji mtu mwenye adabu.

Siku ya tatu ukurasa wangu ulirudi. Mkurugenzi alikuwa ametia sahihi chini, na juu ya neno "manne" hakuwa amebadilisha kitu. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Mwaka mmoja wa majaribio. Kila nyumba itembelewe."

Mado alipata damu Alhamisi ile ile. Alikaa hospitalini siku tisa, akarudi nyumbani akitembea. Tshibangu alihamisha alama zake kutoka kwenye mabati hadi dispensari na basi. Alipokuja kutia sahihi, aliiangalia karatasi kwa makini.

"Mama, hii haifungike tena?"

"Inafungika, Papa. Lakini iko na mlango."

Nilitembelea kila nyumba mwaka ule, kwa miguu na kwa taksibisi, na mara moja juu ya baiskeli ya mchungaji. Katika nyumba moja tu watoto wawili walisimama katikati ya chumba bila kujua chumvi iko wapi, na baba yao wa kuazima akaanza kueleza kwamba nyumba yake haitumii chumvi. Nilimshauri apunguze chumvi pia katika maelezo yake.

Mwaka wa majaribio ulipokwisha, mkurugenzi aliuacha mpango mikononi mwa biro, na hakuna aliyeuliza tena kama mlango ule ufungwe. Nami nilidhani kazi imekamilika. Hapo ndipo Odette alipoingia biro, akitoka chuoni, na baada ya mwezi mmoja akaniambia kwa adabu:

"Mama, batu ya sasa banachoka na bunga."

Nilikasirika kidogo. Mimi nililishwa kwa unga ule. Lakini nilikwenda langoni kuangalia, kama nilivyofundishwa, na vijana walikuwa kweli wakiuza mifuko yao kabla haijagusa chini. Walitaka mtambo wa jua wa kuwashia taa na simu, kwa sababu umeme katika mitaa yao ulikuwa ukikatika. Walitaka masomo ya jioni. Wanawake waliokuwa wameanza kuendesha malori makubwa ya madini walitaka zamu ambayo ingewaruhusu kunyonyesha, jambo ambalo hakuna mwanaume katika biro aliyewahi kulifikiria, na mimi, ambaye sikujaliwa mtoto, sikulifikiria pia. Tuliyaingiza yote, moja baada ya jingine. Tangu hapo kila miezi mitatu tulikaa na kila zamu asubuhi moja, tukiuliza swali moja tu: tangu tulipoonana, nini kimebadilika nyumbani? Nawaomba msiliache swali hilo. Fomu nzuri ni ile ya mwaka huu.

Miezi mitatu kabla ya kuondoka kwangu, mama mmoja dereva wa lori alikuja mezani kwetu. Alikuwa amempokea mpwa wake. Alijaza kila kitu, akafika mstari wa mwisho, akaweka kalamu chini.

"Hii ya kutembelewa, siitaki."

"Kwa nini, Mama?" nikamwuliza. "Mimi nitakuja tu kusalimia."

"Jirani banajua batu ya biro. Banaona munaingia, banasema: kumbe ule mutoto ni wa kuomba. Mutoto mwenyewe anasikia. Minye nilimuambia asipate kuwaza yeye ni mugeni kwangu. Sasa mukuje kumupima?"

Niliipokea karatasi yake, mstari ule ukiwa wazi. Alipoondoka, Odette alifungua droo yake, akatoa ukurasa uliokuwa tayari umechapwa. Nikajua alikuwa amekaa nao muda mrefu, akisubiri nistaafu, ili nisionekane nimefukuzwa. Ulisema kwamba ziara za nyumbani ziondolewe. Mtoto aje dispensari na mlezi wake kwa kipimo cha kawaida, kama watoto wote, na barua ya mkuu wa mtaa itoshe.

"Na wa kudanganya?" nikauliza. Nilijisikia nikisema kwa sauti ya mkurugenzi.

"Batakuwako, Mama. Hata kwako walikuwako. Moja."

"Mmoja ambaye nilimkamata."

"Na batoto bengapi ulibauliza chumvi?"

Niliuchukua ukurasa ule nyumbani, nikausoma mara mbili mezani. Nilijaribu kukumbuka nyuso za watoto wote niliowatuma chumvi. Nilikuwa nikikumbuka daima jinsi walivyojibu. Sikuwa nimejiuliza walihisi nini nilipokwisha kuondoka.

Asubuhi nilifungua faili la mpango, nikautafuta mstari usemao "kila nyumba itembelewe". Nikachukua rula na kalamu ya wino, nikaukata taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaandika tarehe pembeni. Kisha nikamsogezea Odette mhuri, nikamwambia atie yeye.